Ua, Au na Ama: Uozo Adimu wa Viini vya Atomi na Swali la Neutrino

Utangulizi

Miongoni mwa chembe zote ambazo fizikia imezibainisha, ni vigumu kupata iliyo nyingi, na wakati uo huo ngumu kunaswa, kama neutrino. Kila sekunde, takriban neutrino bilioni 65 zitokazo katika Jua hupenya kila sentimita mraba ya dunia inayolielekea Jua, yaani eneo lisilozidi sana ukucha wa kidole gumba. Hupita katika ukucha, katika mfupa, katika sakafu na katika sayari nzima, zikatokea upande wa pili, usiku kama mchana, bila kuacha alama yoyote. Hazina chaji ya umeme, na maada ya kawaida karibu haizitambui.

Kuhusu chembe hii kuna swali ambalo limedumu tangu mwaka 1937 bila jibu. Je, neutrino na kinzani yake ni chembe mbili tofauti, au ni chembe moja iliyopewa majina mawili? Swali hili laweza kuonekana kuwa la wataalamu wachache waliojifungia maabarani. Hata hivyo, jibu lake linahusiana na sababu ya kuwepo kwa maada yenyewe, kuanzia nyota hadi karatasi iliyochapishiwa maneno haya. Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi wanafizikia wanavyolitafuta jibu hilo kwa kungojea tukio moja adimu ndani ya kiini cha atomi, na kwa nini kutoonekana kwa tukio lenyewe hadi sasa nako ni maarifa. Istilahi zitafafanuliwa kadiri zitakavyojitokeza, kwa kuwa wengi katika uwanja wa lugha na fasihi waliagana na fizikia walipokuwa kidato cha pili.

Chembe iliyobuniwa ili hesabu isawazike

Kiini cha atomi huundwa kwa protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji. Baadhi ya viini havina utulivu. Hivi ndivyo viitwavyo viini nururifu. Katika mojawapo ya mabadiliko ya viini hivyo, nyutroni hugeuka kuwa protoni na kurusha nje elektroni. Tukio hilo huitwa uozo wa beta. Neno "uozo" hapa ni sitiari tu: hakuna harufu wala funza. Kinachokusudiwa ni kwamba kiini kimeacha kuwa kilivyokuwa na kimekuwa cha elementi nyingine.

Mwaka 1914, James Chadwick alionyesha jambo lililowatatiza wengi. Ilitarajiwa kwamba kila elektroni inayorushwa na aina moja ya kiini ingetoka na kiasi kilekile cha nishati. Badala yake, nyingine zilitoka na nyingi, nyingine na kidogo, nyingine kiasi cha katikati. Ilikuwa kana kwamba sehemu ya nishati ilikuwa ikipotea njiani. Mwanafizikia mashuhuri Niels Bohr alifikia hatua ya kukubali kwamba huenda sheria ya kuhifadhika kwa nishati haishiki ndani ya kiini.

Wolfgang Pauli hakutaka kuitupa sheria hiyo. Tarehe 4 Desemba 1930 aliwaandikia barua wenzake waliokuwa wakikutana mjini Tübingen, Ujerumani, akiwaita kwa mzaha waungwana wanururifu, na kupendekeza kwamba pamoja na elektroni hutoka chembe nyingine isiyo na chaji, nyepesi mno, ambayo ndiyo inayoondoka na nishati inayokosekana. Yeye mwenyewe hakuhudhuria mkutano huo. Alieleza kuwa hakuweza kukosa dansi iliyokuwa ikifanyika Zürich. Pengine hakuna barua nyingine katika historia ya sayansi iliyochanganya pendekezo zito kiasi hicho na udhuru mwepesi kiasi hicho.

Pauli aliipa chembe yake jina la nyutroni. Jina hilo lilichukuliwa na Chadwick mwaka 1932 alipogundua chembe nzito isiyo na chaji ndani ya kiini. Ndipo kundi la Enrico Fermi mjini Roma likaanza kutumia neno "neutrino". Wanafunzi wa mofolojia watapendezwa na neno hili. Kiambishi tamati -ino cha Kiitaliano kinafanya kazi inayofanywa na kiambishi awali ki- katika maneno kama "kitoto" na "kijito": kinadunisha. Neutrino, kwa hivyo, ni "kidogo kisicho na upande". Kiswahili, kama lugha nyingine nyingi, kimeikopa nomino hiyo nzimanzima pamoja na udogo wake, na kuiweka katika ngeli ya I-ZI bila ugomvi wowote.

Ilichukua miaka 26 kabla ya neutrino kuonekana. Mwaka 1956, Clyde Cowan na Frederick Reines waliitambua karibu na mtambo wa nyuklia wa Savannah River, Marekani, wakampelekea Pauli simu ya maandishi kumjulisha. Pauli aliishi kuipokea. Alifariki mwaka 1958.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba neutrino haina tungamo hata kidogo, yaani haina kile kiasi cha maada kinachokifanya kitu kiwe kizito. Dhana hiyo ilianguka kati ya mwaka 1998 na 2002, wakati watafiti wa Super-Kamiokande nchini Japani na wa Sudbury nchini Kanada walipothibitisha kwamba neutrino, ambazo zina aina tatu, hubadilika kutoka aina moja hadi nyingine zikiwa safarini. Chembe isiyo na tungamo haiwezi kubadilika hivyo. Takaaki Kajita na Arthur McDonald walituzwa Nobel ya mwaka 2015 kwa kazi hiyo.

Lakini mabadiliko hayo hufichua tofauti tu za tungamo, wala si tungamo zenyewe. Ni sawa na kujua kwamba Otieno amemzidi Wanjiru kwa sentimita tano bila kujua urefu wa yeyote kati yao. Jaribio la KATRIN mjini Karlsruhe, Ujerumani, ambalo huchunguza kwa makini mno uozo wa tritiamu, lilitangaza mwaka 2024 kwamba tungamo ya neutrino haizidi elektronivolti 0.45. Elektroni, ambayo yenyewe ni nyepesi, ina elektronivolti 511,000. Neutrino, basi, ni nyepesi kuliko elektroni kwa zaidi ya mara milioni moja. Kwa nini iwe hivyo? Nadharia ya kawaida ya chembe haitoi sababu.

Swali la Majorana

Kila chembe ya maada ina kinzani yake: chembe yenye tungamo ileile lakini chaji iliyo kinyume. Kinzani ya elektroni ni pozitroni, yenye chaji chanya. Zikikutana, zote mbili huangamia na kuacha nishati pekee.

Neno la Kiswahili linaweza kusaidia hapa. Likisomwa kutoka kulia kwenda kushoto, neno "ua" huwa "au". Ni maneno mawili, yenye maana mbili, na hakuna atakayeyachanganya. Elektroni na pozitroni zina uhusiano wa namna hiyo. Lakini kuna maneno kama "ama" na "ini", ambayo hata yakigeuzwa hubaki yaleyale. Mgeuzo wake ni lenyewe. Chembe yenye chaji haiwezi kuwa "ama", kwa sababu chaji chanya haiwezi kuwa sawa na chaji hasi. Neutrino, hata hivyo, haina chaji. Je, ni "ua" au ni "ama"?

Aliyeuliza swali hili mwaka 1937 ni Ettore Majorana, Msisilia aliyezaliwa Catania mwaka 1906 na aliyekuwa mmoja wa vijana wa Fermi mjini Roma. Alionyesha kwa hisabati kwamba chembe isiyo na chaji inaweza kuwa kinzani yake yenyewe. Mwaka uliofuata, Machi 1938, alipanda meli kutoka Palermo kwenda Naples na hakuonekana tena. Kutoweka kwake kumezua uvumi mwingi, na hata mwandishi wa riwaya Leonardo Sciascia alikiandikia kisa hicho kitabu mwaka 1975. Wapenzi wa fasihi watakuwa na haki ya kuvutiwa na kisa. Kwa fizikia, kilichobaki ni lile swali.

Ugumu wa swali lenyewe ni kwamba neutrino hazishikiki mkononi zikalinganishwa. Ni lazima kutafuta tukio ambalo lingewezekana tu ikiwa neutrino ni "ama", na ambalo halingewezekana kabisa ikiwa ni "ua".

Uozo maradufu

Mwaka 1935, Maria Goeppert-Mayer alichunguza uwezekano wa kiini kuoza mara mbili kwa pigo moja: nyutroni mbili zigeuke kuwa protoni mbili kwa wakati mmoja, na elektroni mbili pamoja na neutrino kinzani mbili zitoke nje. Kuna viini ambavyo haviwezi kuoza hatua moja moja. Mfano mzuri ni jerimaniamu-76. Jirani yake wa hatua moja, aseniki-76, ni mzito kumliko, na kiini hakiwezi kupanda mlima bila nishati ya ziada. Jirani wa hatua ya pili, seleniamu-76, ni mwepesi zaidi. Njia pekee, basi, ni kuuruka mlima kwa hatua mbili zilizounganishwa. Uozo huu unatokea kweli. Ulionekana moja kwa moja katika maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1987, wakati Michael Moe na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, walipouona katika seleniamu-82.

Ni uozo wa polepole kupita kiasi. Kasi ya uozo hupimwa kwa nusumaisha, yaani muda unaohitajika ili nusu ya viini vilivyopo viwe vimeoza. Nusumaisha ya jerimaniamu-76 kwa njia hii ni takriban miaka 2 × 10²¹, yaani 2 ikifuatwa na sifuri 21. Ulimwengu wote una umri wa takriban miaka bilioni 13.8, namba ambayo ina tarakimu 11 tu.

Baada ya Majorana kutoa wazo lake, Wendell Furry alipendekeza mwaka 1939 namna ya pili ya uozo huu, na hii ndiyo kiini cha makala. Tuseme nyutroni ya kwanza inatoa neutrino kinzani. Ikiwa neutrino ni kinzani yake yenyewe, basi nyutroni ya pili inaweza kuipokea chembe hiyohiyo kama neutrino ya kawaida na kuimeza. Elektroni mbili zitatoka. Neutrino haitatoka hata moja. Huu ndio uozo maradufu wa beta usio na neutrino.

Uzito wa jambo hili unaonekana vyema kwa mfano wa daftari la duka. Fizikia hutunza hesabu iitwayo hesabu ya leptoni. Elektroni huandikwa +1, neutrino kinzani huandikwa −1. Katika uozo wa beta wa kawaida, elektroni moja na neutrino kinzani moja hujumlishwa kuwa sifuri, daftari limesawazika. Katika uozo maradufu wa kawaida, mbili zatoa mbili, vilevile ni sifuri. Lakini katika uozo usio na neutrino kuna elektroni mbili bila chochote cha kuzisawazisha. Kulikuwa na sifuri kabla. Baadaye kuna +2. Chembe mbili za maada zimezaliwa bila kinzani zake.

Hapa ndipo swali hili linapoacha kuwa la wachache. Mwanzoni mwa ulimwengu, maada na maada kinzani zinatarajiwa kuwa zilizaliwa kwa viwango sawa. Kama hali ingebaki hivyo, vyote vingekutana na kuangamizana, na ulimwengu ungebaki mwanga mtupu. Hilo halikutokea: kwa kila takriban chembe bilioni moja zilizoangamia, moja ya maada ilibaki, na kutokana na hizo vikaumbwa vyote vinavyoonekana. Ni lazima mahali fulani daftari lilikosa kusawazika. Mwaka 1986, Masataka Fukugita na Tsutomu Yanagida walieleza jinsi neutrino za aina ya Majorana, pamoja na jamaa zake wazito mno wa enzi za mwanzo, zingeweza kuwa chanzo cha ziada hiyo. Nadharia hiyo ina faida nyingine: jamaa hao wazito wangeeleza kwa nini neutrino za leo ni nyepesi hivyo, kwa kuwa uzito wa upande mmoja huuinua upande wa pili kama katika pembea la watoto la ubao. Kuuona uozo usio na neutrino hakutathibitisha nadharia hiyo yote, na ni vyema kusema hivyo waziwazi. Kutathibitisha tu, kama walivyoonyesha Joseph Schechter na José Valle mwaka 1982, kwamba neutrino ni za aina ya Majorana, na kwamba daftari la leptoni linaweza kuvunjwa. Hayo mawili pekee yangetosha kubadilisha vitabu vya kiada.

Kungoja chini ya mlima

Mtu atauliza: tukio linalochukua muda mrefu kuliko umri wa ulimwengu litangojewa vipi? Jibu limo katika wingi. Katika kijiji cha nyumba kumi, mzee anaweza kuishi miaka themanini asishuhudie mapacha watatu wakizaliwa. Katika hospitali kubwa ya kujifungulia kama ile ya Pumwani, Nairobi, wakunga hawahitaji kungoja umri wa mzee. Kilo 100 za jerimaniamu-76 zina takriban viini 8 × 10²⁶. Hata kama nusumaisha ya uozo usio na neutrino ni miaka 10²⁶, bado viini vitano hivi kati ya hivyo vitaoza kila mwaka.

Vitano kwa mwaka. Tatizo ni kuvitambua vitano hivyo katikati ya kelele. Ndizi moja ya kawaida ina potasiamu nururifu ya kutosha kutoa mioozo takriban 15 kwa sekunde. Mwili wa mtu mzima hutoa mioozo ya potasiamu ipatayo elfu nne kwa sekunde. Ukuta wa saruji una uraniamu, vumbi lina uraniamu, jasho la fundi lina potasiamu. Kutoka angani, miale hunyesha chembe ziitwazo muoni, takriban moja kwa kila sentimita mraba kwa kila dakika. Anayetafuta matukio matano kwa mwaka ni kama anayesikiliza mnong'ono sokoni Gikomba siku ya Jumamosi.

Ndiyo maana watafiti hawa hukimbilia chini ya milima. Maabara ya Gran Sasso nchini Italia imejengwa kando ya handaki la barabara kuu, chini ya mwamba wa mita 1,400, ambao hupunguza muoni kwa takriban mara milioni moja. Nchini Japani, kigunduzi cha KamLAND-Zen kimo ndani ya mgodi wa Kamioka, takriban mita 1,000 chini. Nchini Marekani, jaribio lililopewa jina la Majorana Demonstrator liliwekwa katika mgodi wa zamani wa dhahabu wa Homestake, Dakota Kusini. Ni katika mgodi huohuo ambamo Raymond Davis, kuanzia miaka ya 1960, alihesabu neutrino za Jua na kukuta theluthi moja tu ya zile zilizotarajiwa. Wajenzi wa Majorana Demonstrator walihofia hata shaba ya kawaida, kwa kuwa ikikaa juu ya ardhi hupigwa na miale ya angani na kupata unururifu. Wakaitengeneza shaba yao humohumo chini ya ardhi.

Lakini hakuna kisa kinachoeleza shida hii kuliko kile cha risasi ya Warumi. Risasi ni kinga bora dhidi ya mionzi, ila risasi mpya yenyewe huwa na isotopi nururifu, risasi-210, iliyorithiwa kutoka kwa uraniamu ya mwambani. Nusumaisha ya isotopi hiyo ni takriban miaka 22. Dawa yake ni muda tu. Jaribio la CUORE, lililoko Gran Sasso, lilipata muda huo katika vipande vya risasi vilivyopatikana ndani ya meli ya Kirumi iliyozama karibu na kisiwa cha Sardinia miaka takriban elfu mbili iliyopita. Kwa miaka hiyo yote, risasi-210 ilikuwa imekwisha, na maji ya bahari yalikuwa yameikinga shehena dhidi ya miale ya angani. Kabla ya vipande kuyeyushwa, maandishi yaliyokuwa juu yake yalikatwa na kuhifadhiwa. Wapo wanaakiolojia waliolalamikia matumizi ya aina hiyo ya mabaki ya kale, na malalamiko yao si ya kupuuzwa: risasi ya kale haizaliwi tena. Leo shehena hiyo inazikinga fuwele 988 za teluriamu, zilizopozwa hadi karibu kabisa na kiwango cha chini zaidi cha baridi kinachowezekana, ili joto dogo mno litokanalo na kiini kimoja kuoza liweze kupimika.

Hata baada ya kelele zote kunyamazishwa, inabaki moja isiyonyamazika: uozo maradufu wa kawaida, ule unaotoa neutrino. Wenyewe unatofautishwa kwa nishati. Mtu akiwatuma wajumbe wanne wagawane kifurushi cha fedha, wawili kati yao wakitoroka na fungu lao lisilojulikana, kinachowasili hutofautiana kila mara. Ndivyo ilivyo neutrino kinzani zinapoondoka na sehemu ya nishati. Katika uozo usio na neutrino hakuna wa kutoroka. Elektroni mbili huwasili na kifurushi kizima. Kwa jerimaniamu-76, kifurushi hicho ni kiloelektronivolti 2,039, si zaidi wala pungufu. Kinachotafutwa ni rundo dogo la matukio juu ya namba hiyo moja. Urahisi wa jerimaniamu ni kwamba fuwele yake ni chanzo na ni kigunduzi kwa wakati mmoja: kiini kinaoza ndani ya chombo chenyewe kinachokipima.

Dai la mwaka 2001

Yuko aliyesema ameliona rundo hilo. Jaribio la Heidelberg-Moscow lilitumia takriban kilo 11 za jerimaniamu katika Gran Sasso tangu mwaka 1990. Mwaka 2001, kiongozi wake, Hans Klapdor-Kleingrothaus, pamoja na wenzake wachache, walitangaza kwamba data zao zilikuwa na ishara ya uozo usio na neutrino, wenye nusumaisha ya takriban miaka 1.5 × 10²⁵. Sehemu nyingine ya kundi lilelile haikukubaliana nao. Mzozo ulihusu rundo la matukio machache lililosimama karibu na marundo mengine yaliyotokana na unururifu wa kawaida, na namna ya kutenganisha lipi ni lipi.

Mzozo wa aina hii hautatuliwi kwa kupiga kura. Jaribio la GERDA lilijengwa palepale Gran Sasso, kwa elementi ileile, lakini fuwele zake zilizamishwa katika agoni iliyopozwa hadi ikawa kiowevu, na kelele zikapungua sana. Watafiti wake walikubaliana kabla ya kuzifungua data kwamba sehemu iliyo karibu na 2,039 itafichwa hadi taratibu zote za uchambuzi ziwe zimekamilika, ili asiwepo wa kurekebisha mizani baada ya kuona uzito. Walipoifungua mwaka 2013, hapakuwa na rundo. Mwaka 2020 walitoa matokeo ya mwisho: ikiwa uozo huu upo, nusumaisha yake katika jerimaniamu-76 inazidi miaka 1.8 × 10²⁶. Rekodi hiyo ilipitwa na KamLAND-Zen, ambayo imetumia kilo 745 za zenoni iliyoyeyushwa katika kiowevu kinachometa kikipitiwa na mionzi. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba kwa zenoni-136 nusumaisha inazidi miaka 3.8 × 10²⁶.

Kimya kinachopima

Msomaji anaweza kuona kwamba haya yote ni maelezo marefu ya kutopata kitu. La hasha. Kutopata huku kuna namba ndani yake.

Neutrino kinzani inayotolewa na nyutroni ya kwanza huzunguka, kwa lugha ya kawaida, kwa mkono wa kulia. Nyutroni ya pili hukubali tu ya mkono wa kushoto. Kama neutrino isingekuwa na tungamo, mlango huo ungefungwa kabisa. Kwa kuwa ina tungamo, huwa na chembechembe ya ushoto ndani ya ukulia wake, na kadiri tungamo inavyokuwa ndogo ndivyo mlango unavyokuwa mwembamba. Kwa hivyo kila mwaka unaopita bila tukio ni kauli kuhusu tungamo: ikiwa neutrino ni za aina ya Majorana, tungamo yake haiwezi kuzidi kiasi fulani. Kimya cha KamLAND-Zen kinaweka ukomo huo kati ya elektronivolti 0.028 na 0.122. Huo ni mkali kuliko wa KATRIN mara kadhaa, ingawa unasimama juu ya sharti hilo la "ikiwa", na KATRIN hauhitaji sharti hilo.

Upana uliopo kati ya 0.028 na 0.122 hautokani na kigunduzi. Unatokana na nadharia: hakuna anayeweza kukokotoa kwa uhakika jinsi nyutroni na protoni nyingi zinavyosongamana ndani ya kiini kizito, na mbinu mbalimbali hutoa majibu yanayotofautiana kwa mara kadhaa. Katika mradi mzima, huenda hili ndilo pengo linalosikitisha zaidi. Maabara zimechimba milima na kuyeyusha meli za Warumi, ilhali tafsiri ya matokeo yake bado inangoja penseli na kompyuta.

Lipo pia suala la mpangilio. Kati ya neutrino tatu, haijathibitishwa ikiwa mbili ni nyepesi na moja nzito, au mbili ni nzito na moja nyepesi. Ikiwa mpangilio ni huu wa pili, tungamo inayohusika na uozo haiwezi kushuka chini ya takriban elektronivolti 0.018, na kizazi kijacho cha vigunduzi kitaufikia ukomo huo. Wakati huo, kimya kitakuwa na uzito mpya: kikiendelea, neutrino si za Majorana. Kigunduzi cha JUNO kusini mwa Uchina, kilichoanza kukusanya data mwaka 2025, kimejengwa hasa ili kuamua kuhusu mpangilio huo. Lakini ikiwa mpangilio ni ule wa kwanza, michango ya neutrino tatu inaweza kukatana kama madeni ya marafiki, na uozo ukawa adimu kiasi cha kutoonekana na chombo chochote, hata kama Majorana alikuwa sahihi.

Kazi inaendelea palepale chini ya mwamba. Warithi wa GERDA na Majorana Demonstrator wameungana katika jaribio liitwalo LEGEND, ambalo limekuwa likikusanya data katika Gran Sasso tangu mwaka 2023 kwa fuwele zinazokusudiwa kufika kilo 200. Hatua itakayofuata inapangwa kutumia kilo 1,000 na kufikia nusumaisha ya miaka 10²⁸. Nusumaisha ikiwa ndiyo hiyo, tani nzima ya jerimaniamu-76 itatoa takriban tukio moja kila baada ya miaka miwili.